Kila kutengwa kuna hofu yake

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alizunguka Lindi, Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania ya leo, akipiga picha za watu na kuandika habari zao. Wanawake wengi aliowapiga picha walivaa ndonya, pambo linalopachikwa kwenye mdomo wa juu, na nyuso zao zilikuwa na chale zilizopangwa kwa ufundi. Chale hazikuwa jambo dogo. Fundi alikata ngozi kwa kisu, akasugua masizi ya mkaa kwenye kidonda, na baadaye akarudia palepale ili michoro ikolee. Binti aliyestahimili alihesabiwa amekomaa, na waoaji walimwona hivyo. Aliyebaki na uso mtupu ndiye aliyezua maswali.

Leo bibi mwenye chale akipanda basi la Dar es Salaam pale stendi ya Masasi, watu wanamgeukia. Watoto wa mjini wanamnyooshea kidole. Wapo wajukuu ambao wakifikiwa na wageni huwa hawataki bibi atoke nje apigwe picha. Uso wake ni uleule ambao zamani ulisifiwa. Kilichohama ni kawaida, na imehama ndani ya maisha ya mtu mmoja: alichanjwa akiwa binti ili afanane na wenzake, akazeeka akiwa peke yake mwenye uso wa namna hiyo kwenye basi zima.

Ninaanza na chale kwa sababu mazungumzo yetu juu ya watu walio tofauti yana kosa moja kubwa. Tunazungumza kana kwamba kawaida ilikuwepo tangu enzi na enzi, halafu wakatokea wachache wakaenda kinyume nayo. Hapo ubishi unagawanyika pande mbili. Huku wanasema tulinde mila, kule wanasema tuache unyanyapaa, na kila upande unaongea peke yake. Nionavyo mimi, swali lenye faida ni dogo zaidi: watu hawa wanapomweka mwenzao pembeni, wanaogopa kupoteza nini? Jibu halifanani kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Anayemkwepa mgonjwa wa ukoma, anayemsema mwanamke asiyezaa na anayemdharau binti asiyechezwa unyago hawasukumwi na hofu moja. Kwa hiyo hotuba moja ya "tupendane" haiwezi kuwafikia wote watatu.

Tuchukue ukoo, maana huku Kusini ndiko yalikoanzia mengi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli nzito juu yake ni mjomba. Kwa desturi mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Dini, vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 na fedha za korosho vimelegeza sana utaratibu huo, lakini mizizi yake ipo, na unaiona hasa pale mtu anapokwenda kinyume na matarajio.

Msichana akizaa kabla ya kuolewa, wazazi wanaumia na majirani wanasema. Ila mtoto mwenyewe hana swali la ukoo, kwa sababu ukoo wake ulijulikana kabla hajazaliwa. Atalelewa na bibi, atasimamiwa na mjomba, na baada ya mwaka mmoja au miwili maneno yanakwisha. Mwanamke aliyeachika naye anarudi kwao bila kishindo, kwenye mikorosho ya mama yake, na akiolewa tena hakuna wa kushangaa. Watu wa mikoa mingine huliona hilo na kusema Kusini hakuna maadili. Hawajaelewa. Maadili yapo, ila yanalinda kitu kingine: mwendelezo wa ukoo wa mama. Kilichokuwa fedheha kubwa katika ukoo wa baba, ambako mtoto asiye na baba anayefahamika hana pa kukaa, huku ni jambo linaloweza kubebeka.

Msichana huyohuyo alipofika shuleni ndipo alipokutana na ukuta. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa katika shule za serikali, na ni Novemba 2021 tu Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Nyumbani alikuwa amekwisha kusamehewa, shuleni jina lake limefutwa. Alikuwa mtu mmoja mbele ya kawaida mbili.

Mzigo ulioondolewa kwa huyo umewekwa mabegani mwa mwingine. Ukoo unapopita kwa wanawake, mwanamke asiyezaa anahesabiwa kuwa amekata njia ya watu wengi, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Hakuna anayemfukuza. Anaitwa kwenye kila shughuli na anapika kama wengine, lakini mazungumzo ya watoto yakianza sauti zinashuka anapokaribia, au zinapanda makusudi. Watasema amefungwa kizazi, na safari za waganga zitaanza, zikimaliza fedha za msimu mmoja wa korosho baada ya mwingine. Mumewe haguswi. Lakini kitabibu, hadi nusu ya ndoa zisizopata mtoto zina tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mke. Kwa upande wa mwanamke, magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija, na kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa, kikiachwa miaka mingi huweza kudhuru via vya uzazi. Wake wangapi wamebeba jina baya kwa ajili ya maji ya bwawa walilochezea utotoni? Inaniuma kila ninapolifikiria hilo.

Unyago na jando vina hofu ya namna nyingine, na hapa suala ni gumu kuliko wanaharakati na wazee wote wawili wanavyolieleza.

Baada ya mavuno, likizo ya shule ikikaribia, ngoma zinaanza kusikika vijijini. Wavulana wanaingia likumbi, yaani kambi ya jando, na wasichana wanakabidhiwa kwa makungwi na nyakanga, wazoefu wanaosimamia unyago. Wanaofundwa wanatoka na majina mapya, nguo mpya na siri za pamoja. Asiyechezwa anabaki msungo. Anaweza kuwa na miaka ishirini na tano na cheti cha chuo, lakini penye mambo ya wakubwa atatumwa maji ya kunywa ili mazungumzo yaendelee akiwa hayupo. Hofu iliyopo hapa ni ya kupoteza mamlaka ya kutangaza nani amekuwa mtu mzima. Kijiji kinasema utu uzima hautokani na umri wala cheti. Unatolewa na waliotangulia, mbele ya watu. Mzazi anayemzuia binti yake anaonekana amewanyang'anya wazee haki hiyo, na binti ndiye anayelipa.

Sasa mgeukie mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji hichohicho. Yeye anaona wasichana wa darasa la tano wakirudi kutoka unyagoni wakiwa wameambiwa kwamba wamekuwa wakubwa, wengine wakiwa na miaka kumi tu. Analalamika kwamba masomo yanashuka na mimba zinaanza, na malalamiko yake yana msingi. Kumfunda mtoto mambo ya unyumba kabla ya wakati wake ni kumdhuru. Mbele ya mwalimu, aliyechezwa ndiye mwenye tatizo. Mbele ya kungwi, mwenye tatizo ni yule asiyechezwa. Hakuna njia ya binti kuwa wa kawaida pande zote mbili kwa wakati mmoja, na tunapomwuliza kwa nini amechagua hivi au vile tunasahau kwamba ni sisi watu wazima tuliompa milango miwili inayofungana.

Masasi iliwahi kutafuta njia ya kutoka humo. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliona kwamba Mkristo aliyekatazwa jando alikuwa ametengwa na rika lake kwa maisha yake yote. Hakulipiga marufuku. Alisaidia kuunda jando lenye sala na mafundisho ya kanisa, likabaki na ngariba, kambi na furaha ya kutoka. Wamisionari wenzake wengine walimlaumu, na kuna mengi ya kubishana naye. Lakini alikuwa ameelewa jambo ambalo kampeni nyingi za leo hazilielewi: ukiondoa mlango ambao watu wanapitia kuingia katika jamii bila kuweka mwingine, unawaacha nje. Baadhi ya vijiji sasa vinasogeza umri wa wanaochezwa na kupunguza mafundisho ya unyumba. Ni kazi ya polepole, inafanywa na manyakanga wenyewe, na mimi naiamini kuliko mabango.

Kuhusu ualbino, Kusini ina habari ambayo haisemwi vya kutosha. Mauaji yaliyoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalitokea zaidi Kanda ya Ziwa. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na tendo hilo lilipongezwa kila mahali. Lakini kuteuliwa ni kitu kimoja, kuchaguliwa ni kitu kingine. Oktoba 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF, na akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo Tanzania. Wakati nchi inahesabu makaburi, watu wa Lindi walipanga foleni wakaweka alama kwenye jina lake.

Je, ina maana Lindi haina ubaguzi? Hapana. Ina maana kwamba mtu akijulikana kwa mambo mengi, kwa chama chake, kwao, maneno yake na ugomvi wake, basi rangi ya ngozi inakuwa mojawapo tu ya habari zake. Anayebaguliwa zaidi ni yule ambaye hana habari nyingine inayojulikana. Na hakuna mwenye habari chache kuliko mtoto mchanga.

Ndiyo maana hatari inaanzia wodi ya wazazi. Mama na baba weusi wanapata mtoto mweupe, na swali la kwanza la ukoo wa mume, hata lisiposemwa kwa sauti, ni mtoto huyu wa nani. Hofu hapo ni ya uzinzi, na inavunja ndoa kabla mtoto hajatimiza arobaini. Maelezo yake ni mafupi. Baba amebeba nusu ya sababu na mama nusu nyingine, wote wawili bila kuonyesha dalili yoyote. Wakikutana wabebaji wawili, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo katika aina zilizo za kawaida kwetu, baba aliyemzaa hawezi kuwa hana mchango; ngozi ile inatoka kwake pia. Mkunga akiyasema maneno hayo baba akiwepo, kabla familia haijaondoka hospitalini, atakuwa amefanya kazi ambayo mikutano mingi ya kijiji haiwezi kuirudisha baadaye. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini. Wengi wao adui yao wa kila siku ni jua. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kiti cha mbele darasani vinaokoa maisha yao, na havina mjadala wowote wa mila ndani yake.

Nimeacha ukoma mwisho kwa sababu ndio ninaouona mgumu kuufungua, na ndio ulio karibu nasi zaidi. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa ambayo ugonjwa huu umekaa kwa muda mrefu.

Msimu wa mabibo, kwenye kijiji kimoja cha Tandahimba, watu walikuwa wamekaa chini ya mkorosho wakinywa uraka, pombe ya mabibo. Vikombe vilikuwa vichache na watu wengi, kwa hiyo kila kimoja kilizunguka mikono minne au mitano. Akaja mzee mmoja ambaye vidole vya mkono wake wa kulia vimefupika. Alipona ukoma zamani, na kila mtu pale anajua hivyo.

"Karibu mjomba, vuta kigoda," kijana mmoja akamwambia.

"Ahsanteni. Kopo langu ninalo."

Akalitoa kwenye mfuko wa rambo, kopo la plastiki la kijani lililofifia, akalishika kwa viganja viwili. Mama muuzaji akamimina, akiuweka mdomo wa jagi juu kabisa ili usiguse kopo, na uraka ukamwagika kidogo kwenye vidole vya mzee. Hakuna aliyetazama pembeni wala aliyecheka. Mazungumzo juu ya bei ya korosho yaliendelea naye akichangia, na walimsikiliza kwa heshima. Nilipouliza baadaye kwa nini anakuja na kopo lake, niliambiwa, "Ndivyo anavyotaka mwenyewe."

Sidhani kama ndivyo anavyotaka. Nadhani alishahesabu siku nyingi zilizopita kwamba ni nafuu kuja na kopo kuliko kunyoosha mkono na kuona kikombe kinachelewa. Erving Goffman, mwanasosholojia aliyezaliwa Kanada na kufundisha Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mtu mwenye alama ya aina hii hujifunza kuwaondolea wengine usumbufu wa kuwa naye. Wenzake wanabaki watu wema, hawajamfukuza, hawajamtukana. Kazi ya kumtenga anaifanya yeye mwenyewe, kwa adabu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kazini, shuleni na kwenye huduma, na inahitajika sana huko. Lakini haifiki chini ya mkorosho.

Sasa tazama ukweli wa ugonjwa wenyewe. Kijidudu chake kiligunduliwa na Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Husambaa hasa kwa matone ya pua na mdomo ya mgonjwa asiyetibiwa, baada ya kukaa naye karibu kwa muda mrefu, na watu wengi sana miili yao hukishinda bila wao kujua. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Mzee yule wa Tandahimba hawezi kumwambukiza mtu yeyote kwa kikombe, kwa sahani wala kwa mkono, na hali imekuwa hivyo kwa miaka mingi.

Vidole vyake navyo havikukatika kwa ukoma wenyewe, ingawa wengi wetu tumekua tukiamini hivyo. Ugonjwa hushambulia mishipa ya fahamu, mkono unakufa ganzi. Mwenye ganzi anashika sufuria ya moto bila kusikia, mpini wa jembe unamtoa malengelenge naye anaendelea kulima, kidonda kinaoza, mfupa unaliwa na kidole kinafupika. Dawa inaua kijidudu, lakini hairudishi kidole. Fundo lenyewe liko hapo. Kupona hakuonekani kwa macho, kilema kinaonekana, na watu wanasoma kile wanachokiona.

Zamani kumtenga mgonjwa kulikuwa na mantiki yake. Walawi 13 inaagiza mwenye ukoma akae nje ya kambi, na kabla ya dawa hapakuwa na kinga nyingine. Wabenedikto wa Ndanda walikuwa na makazi ya wagonjwa pale Mwena, ambako watu waliishi, walilima, na wengi walizikwa hukohuko. Dapsone ilianza kutumika miaka ya 1940, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza matibabu ya dawa mseto, ambayo Tanzania iliyaingiza katika muongo huo. Sababu ya kutenga iliondoka. Desturi ya kopo ilibaki.

Hofu ya maambukizi ni ya juu tu. Chini yake ipo nyingine iliyo nzito zaidi, ya ndoa. Nyumba ikijulikana ina mgonjwa, binti zake watachumbiwa na nani? Kwa hiyo baka likionekana mgongoni mwa mtoto linaitwa choa, linapakwa mafuta, linafunikwa na shati. Miezi inapita, mishipa inaharibika. Anapofika zahanati mkono umeshapinda, na kijiji kinapata kielelezo kingine cha kile kinachokiogopa. Kuficha kunazaa kilema, kilema kinazaa hofu, hofu inazaa kuficha.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kimataifa la kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Wengi wakadhani ukoma umekwisha, ilhali bado nchini hugunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kila mwaka. Katika miaka ya 2010 Liwale na Nanyumbu zilikuwa kati ya wilaya chache nchini zilizojaribu njia mpya: mgonjwa akigunduliwa, watu wa nyumbani na majirani wanachunguzwa, na wasio na dalili wanapewa dozi moja ya rifampisini, inayopunguza uwezekano wa kuugua kwa zaidi ya nusu. Ugumu wake si wa kidawa. Huwezi kuwapa majirani kinga bila wao kuuliza ni kwa ajili ya nani, kwa hiyo mgonjwa anaombwa ridhaa kwanza, na mhudumu anayetoka kijiji hichohicho anapaswa kujua namna ya kuingia mtaani bila gari lenye nembo kusimama mlango mmoja tu. Akizungukia nyumba zote, akachunguza ngozi za wote kwa magonjwa yote, baka la mmoja linapotea katikati ya pele na choa za wengine. Ni maarifa madogo ya kumlinda mtu, na yametoka kwa wanaoishi na watu hao.

Baka la ukoma huwa na rangi hafifu au ya wekundu kuliko ngozi iliyolizunguka. Haliwashi, haliumi, na ukiligusa kwa ncha ya pamba mwenye nalo akiwa amefumba macho mara nyingi hasikii. Dawa ni bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, miezi 12 kwa mwenye zaidi ya hapo. Anayeanza kabla ya ganzi kufika mkononi kwa kawaida hubaki na vidole vyake vyote.